Hana pa Kupumulia

Lilianza tone moja, mviringo kama shilingi,
kwenye saruji ya baraza ya Bi Mwanasiti.
Nikatega kopo la maziwa chini ya injini, nikalala.
Asubuhi kopo lina mafuta vidole viwili
na Bi Mwanasiti ana maneno ndoo nzima.

Pikipiki ni ya ndugu yangu Shebwana,
mkongwe aliyeshuka bandarini kabla sijazaliwa.
Alipokwenda Doha alinipa ufunguo na onyo moja:
"Mpeleke polepole daraja la Nyali. Ana kifua."

Nikanunua gasketi Mwembe Tayari. Ikavuja.
Nikapaka silikoni nyekundu, unene wa kidole gumba. Ikavuja.
Nikakaza boliti kwa hasira, moja ikakatika,
shingo yake imeliwa na chumvi ya pwani miaka yote hii,
na mafuta yakatoka sasa pande mbili.

Ndipo nikamsukuma hadi Kisauni kwa fundi Kadenge:
turubai moja, ubavuni mwa kinu cha kusagia mahindi.
Hakugusa spana.
Aliosha injini kwa petroli na mswaki wa meno,
akaikausha, akanyunyiza poda ya mtoto kila ungio,
mkongwe akanukia kama kichanga cha siku arubaini.
"Nenda Bamburi, urudi. Usikimbize."

Niliporudi alipiga magoti, akasoma.
Ndiyo, alisoma, kidole hewani, midomo ikitembea:
hapa poda imelowa, hapa imelowa, hapa pia,
juu kichwani, kiunoni, ubavu wa klachi.
"Gasketi tatu haziugui siku moja," akasema.
"Huyu hana pa kupumulia."

Akanieleza huku anapapasa chini ya kiti:
pistoni ikishuka inasukuma pumzi,
pumzi itoke kwa kijimpira hiki, unene wa kidole cha mwisho.
Ukimziba hapa, atatokea pale,
atayasukuma mafuta hata penye karatasi mpya.

Akauchomoa mpira, akapekecha kwa waya wa spoki,
kikatoka kitambaa kilichosokotwa, cheusi,
kigumu kama utumbo wa kuku ulioanikwa.
Akakifungua juu ya goti lake.
Ukingoni, chini ya masizi, wekundu.
Na herufi nne za jina la leso: RANI.

Iliyobaki naijua.
Leso ya mamangu, iliyotoweka kambani mwaka juzi.
Alimtaja Bi Mwanasiti, kwa sauti, mbele ya watu wa maulidi.
Tangu siku hiyo kodi hupokewa dirishani
na salamu ni kikohozi.
Shebwana alikuwapo, mkekani, anamenya chungwa,
kwa suruali yake nyeupe ya Ijumaa
ambayo mpira ule ulikuwa ukiirushia matone.
Alimaliza chungwa.

Kadenge hakuuliza. Alikata gasketi mwenyewe,
karatasi ngumu juu ya chuma, akaigongagonga ukingoni
kwa nyundo, taratibu, mpaka chuma kikajikatia umbo lake.
Akakwangua silikoni yangu kwa wembe, akanitazama kidogo.
Akakaza boliti mkingamo, robo kwa robo,
kama anayemfunga kilemba mtoto wa watu.

Siku ya tisa leo, kopo ni kavu; nyanya ya mtaani
imekuja kuliomba la kupimia mchele.
Jana nilimpigia Shebwana, nikamwuliza habari za joto.
"Joto tu. Na mkongwe?"
"Anapumua," nikasema.
Kikapita kimya cha shilingi nyingi.
"Mama yuko karibu?"
Nikamwambia yuko.
Akasema atapiga tena.

Kitambaa nimekifua mara tatu kwa majivu na sabuni.
Mafuta hayajatoka yote, wekundu umerudi.
Nimekianika baina ya mashati yangu mawili,
upande wa kamba
unaoonekana na madirisha yote.